Jibini Iliyomfunga Mdomo Mshenga

“Ulimi ulioungua hauvunji posa.” Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo kaka yenu, mkacheka, kisha mkaja mbio kwangu kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Mmefika penyewe. Kaeni, na atakayenikatiza ataosha vyombo. Ilianza hivi.

Hatibu, kijana wa Muheza aliyefanya kazi Dar es Salaam, alitaka kuoa Magomeni. Mshenga wake alikuwa Mzee Shekimweri, mkubwa wa ukoo wao. Mzee huyo alikuwa na moyo mweupe, lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Posa ya kwanza ya Hatibu, kwa watu wengine, aliivunja yeye mwenyewe. Aliulizwa kasoro ya kijana, akasema anakoroma hadi majirani hugonga ukuta. Wenye binti wakaghairi. Lakini mkubwa wa ukoo harukwi, kwa hiyo posa ya pili ilikuwa yake tena, na Hatibu alikonda kwa wasiwasi.

Siku yenyewe, mchana, Hatibu alimpeleka mzee kula mjini, kwenye gari lililogeuzwa jiko na kuegeshwa karibu na ofisi yake. Mpishi, Bi. Nargis, alikuwa akichoma mikate iliyojazwa jibini na vitunguu vya kukaanga. Watu walikuwa wamepanga foleni juani.

“Mkate na jibini tu, ndiyo mnaungua na jua namna hii?” mzee aliuliza.

“Onja kwanza, baba,” Bi. Nargis alisema akimkabidhi wake. “Ila subiri kidogo. Juu umepoa, ndani bado moto.”

“Binti, mimi nimekula mihogo ya kutoka majivuni kabla hujazaliwa!”

Akaung’ata. Jibini ikamwagika ulimini na kunata hapo hapo. Mzee aliruka, machozi yakamtoka. Bi. Nargis akamkimbizia maziwa baridi, lakini ulimi ulikuwa umeshavimba. Hata hivyo mkate ulipopoa aliumaliza wote, akitikisa kichwa kwa utamu.

Hatibu hakula chochote. Alijua amekwisha, maana mshenga asiyeweza kusema ni mshenga gani? Wenyeji walikuwa wakiwangoja alasiri ile ile, na posa haiahirishwi kwa sababu ya mkate.

Walipofika Magomeni walipokewa na Mzee Pazi, baba mdogo wa binti. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

“Watu wa Muheza,” alisema, “nasikia maneno yenu ni mengi kuliko machungwa yenu.”

Mzee Shekimweri akafungua mdomo ajibu. Ulimi ukamuuma, akaufunga mdomo. Akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa.

“Haya. Kijana wenu ana kasoro gani?”

Hatibu akafumba macho. Mzee akasema polepole, neno moja moja, “Ni mwanadamu. Lakini atamtunza.”

Mzee Pazi akamtazama, halafu akatabasamu. “Juzi alikuja mshenga mwingine hapa, akatumwagia siri zote za nyumba yao. Nikajiuliza, zetu je, atazipeleka wapi? Leo nimepata watu wazima. Posa tumeipokea.”

Hatibu alishusha pumzi mpaka tukamsikia nyuma ya pazia. Ndiyo, tulimsikia. Binti mwenyewe nilikuwa mimi. Nilimshukuru Mungu huku nacheka na kulia, kwa maana nilimtaka yeye tu.

Habari za jibini nilisimuliwa baadaye. Habari za kukoroma hakuna aliyenisimulia, nilizisikia mwenyewe. Mnausikia huo mngurumo chumbani? Si jenereta ya jirani. Ni baba yenu mkubwa, amejilaza kidogo baada ya chakula. Nimeuzoea, nao ukinyamaza mimi ndiye ninayeamka kwenda kumtazama.

Ulimi ulioungua hauvunji posa.