Kwa Nini Kaa wa Mtoni Hubeba Wanawe Tumboni

Zamani hizo maji yalikuwa hayajajua kusimama. Mto Ilwamba ulishuka kutoka milimani ukikimbia mwaka mzima, na hakuna mama hata mmoja mle majini aliyelea watoto wake mwenyewe. Mto ndio uliokuwa yaya. Mvua za kwanza zikinyesha, kaa jike alipanda juu ya jiwe, akatikisa tumbo, akawaachia wanawe, wadogo kama punje za ulezi. Mkondo uliwabeba hadi kule chini, ambako kila jiwe lilikuwa na shangazi wa kuwapokea. Siku chache baadaye uduvi walipanda na habari: "Wamefika wote. Mmoja kachukua matege ya babu yake."

Nyamizi alikuwa kaa aliyechelewa kuzaa. Misimu sita alipokea watoto wa wenzake, akawafuta tope machoni, akawatafutia mawe ya kukaa. Msimu wa saba naye akapata mayai, na akawa anayaimbia kabla hayajaanguliwa, jambo lililowachekesha majirani.

Mwaka huohuo Mtemi Kiboko alichoka kuoga kiangazi maji yakimfika magotini. Akaitisha mkutano wa wahusika wote. Na wahusika, kama mjuavyo, ni wale wanaoitwa kuja kuambiwa kilichokwisha kuamuliwa.

"Tunaziba bonde," alisema. "Maji yatakuwa mengi. Mengi! Nani hapa hapendi maji mengi?"

"Mtemi, hayo mengi yatatembea?" Nyamizi aliuliza kutoka nyuma.

Kiboko alitazama kushoto, kulia, kisha chini. "Nani huyo anaongea?"

Umati ukaangua kicheko. Kwenye muhtasari wa kikao ikaandikwa kwamba hakuna aliyepinga.

"Shoga, kuwa mpole," Konokono alimwambia wakirudi. "Mimi huo mkondo ulishanichosha. Kila siku kung'ang'ania jiwe kama mwizi wa kuku juu ya paa? Kwangu freshi tu."

Ukuta ukajengwa, bonde likajaa. Mvua za kwanza zilipokuja, Nyamizi alifanya kama mama yake na bibi yake walivyofanya. Alipanda juu ya jiwe, akatikisa tumbo. "Nendeni, wanangu. Msalimieni shangazi."

Hawakwenda. Walizama taratibu, wima, kama majivu yanavyotua, wakaingia kwenye tope.

Nyamizi alisubiri mkondo uje uwachukue. "Umechelewa tu," alijiambia. "Hata mimi si nilichelewa?" Akasubiri tena. Ndipo alipotazama vizuri huko chini. Chaza wa mtoni walikuwa wamefunga midomo na hawakuifungua tena. Uduvi hawakuwepo. Vile vidudu vyembamba vyenye mikia mitatu, vilivyokuwa vikicheza chini ya mawe, vilikuwa vimezikwa pamoja na mawe yao. Konokono peke yake ndiye aliyenenepa, akitaga mayai juu ya mayai, na juu yake funza wa mbu wakining'inia kwa raha zao.

Nyamizi akazama. Magando yake yaliumbwa kukata na kuvunja, na sasa alitakiwa kuokota punje ya ulezi yenye uhai bila kuikwaruza. Alijifunza palepale topeni. Mtoto mmoja, akamweka chini ya tumbo, akamfunika kwa mkunjo wa tumbo lake kama mbeleko. Halafu mwingine. Wengi aliowagusa hawakujikunja tena, na hao aliwalaza pembeni, kila mmoja kwa upole uleule.

"Unawapeleka wapi, shoga?" Konokono alishangaa. "Chakula si tele hapa?"

"Chakula kipo," alisema Nyamizi. "Pumzi hakuna."

Akapanda ukuta, akatoka nje kwenye jua, mahali ambapo kaa mwenye watoto hakuwahi kukanyaga. Alitembea kwenye majani yenye umande, akisimama kila mara kuwalowanisha wanawe, hadi akafika kwenye kijito ambacho Kiboko hakuhangaika kukiziba, kwa kuwa kisingemlowesha hata kucha.

Alitumbukiza mguu mmoja. Maji yakausukuma.

"Haya, shukeni," aliwaambia.

Hakuna aliyeshuka. Mmoja alichungulia, akaona dunia ilivyo, akarudi ndani kwa mama. Nyamizi akacheka, mara ya kwanza tangu bonde lijae, akaketi chini ya jiwe kuwasubiri wakomae magamba.

Na tangu siku hiyo kaa wa mtoni hamkabidhi mtu wanawe, hata mto. Bwawa lile lipo, pana, linang'aa, linapendeza sana kwenye picha; tumbukiza kikapu, utapata konokono, na konokono, na konokono. Kaa utamkuta kwenye vijito. Ukiinua jiwe ukamwona jike ambaye tumbo lake limejaa punje zinazotembea, rudisha jiwe taratibu kama ulivyolikuta. Atasubiri uondoke. Kisha atanyoosha mguu mmoja nje, asikilize kama maji bado yanasukuma.