Mkono Uliosubiri Neno

Chambueni, jamaa, chambueni! Karafuu upande huu, makonyo, vijiti vyake, upande ule, na masikio nileteeni mimi. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana hadithi yangu ina usingizi ndani yake, na usingizi huo si wa uvivu.

Hapa hapa kwetu Pemba palikuwa na watu watatu, kila mmoja na chake. Bi Riziki, muuguzi mstaafu, alikuwa na ulimi. Si wa umbea, wa kutuliza. Alisomea hipnosi, yaani kumlaza mtu kwa maneno tu: macho yamefumbwa, masikio yanasikia, na moyo unafikika pale ulipoumia. Wanawake waliokosa usingizi kwa majonzi walitoka kwake wakipiga miayo. Watu waliponong'ona kuwa ana jini, yeye alicheka. "Jini wa nini? Nina kiti, nina sauti, basi."

Bi Time, mshona kofia, alikuwa na sikio. Macho yake yako kwenye sindano, lakini neno halimpiti.

Na Kombo, mchumaji, alikuwa na koo. Akiita kutoka juu ya mkarafuu, wanaochuma bonde la pili wanaitikia.

Kaka yake Kombo ni Shaame, mkwea mikarafuu ambaye hatujapata mwengine kama yeye, nasema hivyo bila kumung'unya. Mkarafuu wake mkubwa, aliourithi kwa babu yake, tuliuita Shangazi, kwa sababu haukuwahi kutunyima.

Msimu uliopita Shaame alikuwa kileleni mwa Shangazi, tawi alilosimamia likaanza kulia. Kombo, aliyekuwa chini, akatoa koo lake lote: "Shika!" Shaame akashika. Tawi alilolishika nalo likaja naye mpaka chini.

Aliamka na mbavu mbili zimevunjika na mkono wa kuume umekunjwa ngumi. Mbavu zikapona, ngumi isifunguke. Hospitali wakampiga picha, wakasema mfupa mzima, mshipa mzima. Miezi saba mkewe akawa anamlisha tonge, maana kula kwa mkono wa kushoto aliona aibu. Kombo naye alihamia Chake Chake kwa haya, asiweze kumtazama kaka yake usoni.

Mara binti wa pekee wa Shaame, Raya, akaposwa. Nanyi mnajua, siku ya ndoa baba hushikana mkono wa kuume na bwana harusi, ndipo aseme nimekuoza. Wazee wakamshauri aweke wakili.

"Wakili?" Shaame akafoka. "Mwanangu nimemlea kwa mkono huu, nitamwoza kwa mkono huu! Wallahi, mtu atakayeufungua, Shangazi ni wake. Mtu mmoja. Mti wa babu haukatwi mafungu."

Bi Riziki akamkalisha kitini. "Pumua. Unashuka ngazi. Shuka, Shaame, shuka polepole..." Ndivyo alivyofundishwa, na wote waliotangulia walilala hivyo wakapona. Shaame akalala kweli. Lakini jasho likamtoka, ngumi ikazidi kukaza, akapiga ukelele: "Shika!" Ikabidi amwamshe haraka.

Bi Time alikuwa pembeni, akishona kofia ya bwana harusi.

"Bi Riziki, dada yangu," akasema bila kuinua macho, "mtu kaanguka mtini, nawe unamwambia ashuke? Mpandishe! Na lile neno alilolitamka si lake, ni la Kombo. Mkono huo hauumwi, unatii. Uliambiwa shika, na mpaka leo hakuna aliyeuambia achia."

Miezi saba tuliuchua mkono ule kwa mafuta, kumbe ulikuwa unasubiri ruhusa.

Akatumwa mtu kwa Kombo, naye akakataa. "Sauti hii ndiyo iliyomvunja." Bi Time akapanda gari mwenyewe mpaka Chake. "Basi ilete," akamwambia, "ikamuunge."

Asubuhi ya pili kiti kiliwekwa chini ya Shangazi. Bi Riziki akaanza: "Tawi la kwanza, mguu umetulia. La pili, pumzi ndefu. La tatu, upepo unakupiga usoni..." Akampandisha tawi kwa tawi hadi kileleni, naye Shaame usingizini akatabasamu, uso wake ukarudia ule ujeuri wake mtamu wa zamani. Kombo akafungua kinywa. Akatoa koo lake lote tena.

"Kaka! Achia! Nipo chini yako, achia!"

Kikafunguka kidole kimoja, kikafuata kingine, gumba likawa la mwisho. Shaame akaamka, akakitazama kiganja chake kama mgeni aliyebisha hodi. Kombo akaushika mkono ule, wakalia wote wawili, nasi tukapiga vigelegele. Siku ile nilijivuna, utadhani mkono ulikuwa wangu.

Ikafika Ijumaa ya ndoa. Bwana harusi ameketi, kofia ya Bi Time kichwani. Shaame akasema, "Mkono wenye ahadi isiyotimizwa siwezi kumwozea mwanangu. Nani mwenye Shangazi?"

Kutoka upande wa wanawake Bi Riziki akajibu: "Bila usingizi wangu mngeita mpaka makoo yakauke, na mkono usingesikia."

Bi Time akasema: "Bila sikio langu ungekuwa unamshusha mpaka leo."

Kombo akasimama. "Mimi sikuja kwa ajili ya mti. Lakini nikinyamaza, itasemwa neno lile angeweza kulitamka yeyote. Lilikuwa langu. Miezi saba lilinichoma mimi."

"Wewe ndiye uliyeufunga!" mke wa Shaame akamkata. "Aliyefunga mlango hulipwa kwa kuufungua?"

"Niliufunga nikimwokoa, shemeji," Kombo akasema taratibu.

Bwana harusi keshanyoosha mkono wake. Shaame bado. Raya yuko ndani, hina imekwishamkauka, anasubiri neno la baba yake. Haya, wachambuaji, msiniambie wagawane, kiapo ni mtu mmoja. Ulimi, sikio, au koo: Shangazi ni wa nani? Wewe uliyeacha kuchambua ukanikodolea macho, anza wewe. Ungeamua vipi, ili baba yule atoe mkono?