Malalo Meupe ya Shangazi

Mkakasi ni kikasha cha urembo. Kimenakshiwa, kimepakwa rangi, na kila anayekitazama hutamani kiwe chake. Kikilowa, rangi huchuruzika na mkononi mtu akabaki na kipande cha mti. Ndiyo maana wahenga walimwonya anayependa kwa macho angoje kwanza maji yapite. Mwenye banda la farasi tunayemsimulia hapa aliujua usemi huo tangu utotoni. Aliujua, lakini siku alipouhitaji aliutupa kisogoni.

Watu walimwita Madoido, na jina lilimkaa barabara. Banda alilorithi pamoja na dada yake mkubwa lilimetameta. Milango ilipakwa rangi kila msimu, ndoo zilipangwa kwa ukubwa, hata mafagio yalitundikwa kwa mstari. "Mdogo wangu," dada mtu alizoea kumtania, "iko siku utawapaka farasi wanja."

Kipenzi cha banda alikuwa farasi jike mzee aliyeitwa Shangazi. Watoto wa Madoido walijifunzia mgongoni mwake, na hakuwahi kumwangusha hata mmoja. Kitinda mimba tu ndiye aliyekuwa bado, na kila asubuhi aliulizia zamu yake. Kwa hiyo Shangazi alipoumia mguu wa mbele, nyumba nzima ilikosa raha.

Daktari wa mifugo aliufunga mguu ule, akanawa mikono, akasema bila kuzunguka. "Jeraha litapona. Ninachohofia ni huu mguu wa pili, ulio mzima, maana sasa ndio unaobeba mzigo wote. Akilala na kupumzika, mmempata. Akishinda amesimama, nao utaharibika, na hapo nitakuja na sindano ya mwisho."

"Atalala, daktari," Madoido alijibu. "Nitamtandikia malalo ambayo hata mimi nitayaonea wivu."

Sasa, familia ile ilikuwa na desturi iliyoachwa na mama yao. Malalo yoyote, kabla hayajaingia chumbani mwa farasi, yalitandazwa sakafuni na kumwagiwa maji. Kisha aliyeyachagua alipiga goti juu yake, goti tupu. Likiinuka kavu, malalo yanafaa. Likiinuka limelowa, yarudi yalikotoka. "Goti halina macho ya kudanganywa," mama yao alikuwa akisema.

Dada alileta maranda kutoka kwa seremala jirani, baada ya kuuliza kwanza yametoka mti gani, maana miti mingine humdhuru farasi. Yalikuwa makubwa makubwa, yamejikunja, na rangi yake kama matope yaliyokauka. Madoido alikunja pua.

"Shangazi alale kwenye takataka hizi? Thubutu!"

Akatoka, akarudi na magunia ya unga wa mbao, mweupe pe, laini, wenye kunukia vizuri.

"Umeumwagia maji?" dada aliuliza.

"Dada, kizuri kinajieleza chenyewe. Tazama!" Akapiga goti na suruali yake, juu ya unga mkavu, akainuka akicheka. "Goti limekubali."

"Goti la suruali, tena pakavu! Mama angekuchapa."

"Mama hakuwahi kuuona unga kama huu."

Siku ya kwanza Shangazi alilala. Majirani walikuja kutazama, na mmoja akaapa kwamba akiugua naye aletwe hapo hapo. Kichwa cha Madoido kikavimba.

Lakini farasi hukojoa, tena si haba. Unga ule uliunywa mkojo, ukagandamana kama tope. Madoido, ambaye hawezi kuvumilia doa, hakuutoa. Kila asubuhi alinyunyiza unga mpya juu yake, na kila asubuhi chumba kikang'aa. Shangazi alinusa chini, akazunguka mara moja, akabaki amesimama. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa.

"Mdogo wangu, Shangazi halali," dada alisema. "Na mimi nikiingia humu macho yananiwasha. Huo ni mkojo."

"Mkojo uko wapi, dada? Huoni panavyong'aa?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Mpaka asubuhi moja alipoupapasa mguu mzima wa Shangazi, akakuta ukwato una moto: nao umeanza kuharibika. Akamwita dada yake kwa sauti iliyokatika.

Dada hakumkaripia. Alisema tu, "Kunja suruali, piga goti."

Madoido akapiga goti tupu. Weupe ukadidimia, umajimaji wa baridi ukapanda hadi kwenye muundi, na harufu ikamchoma macho. Alibaki pale pale akilia, wala hakusingizia harufu.

Wakashika makoleo wote wawili. Walikwangua hadi sakafuni, wakaosha, wakakausha, wakatandika mikeka ya mpira, kisha wakamwaga yale maranda ya rangi ya matope, mengi, na kuyainua kando ya kuta. Dada akayamwagia maji. Yakapita chini, juu pakabaki pakavu. Madoido akapiga goti lake tupu, likainuka kavu, limeng'ang'aniwa na vipande viwili vya randa. Shangazi aliingizwa, akanusa, akazunguka, akakunja miguu, akalala na kushusha pumzi ndefu.

Daktari aliporudi, aliukagua ukwato, akaubonyeza pande zote.

"Ataishi," alisema hatimaye. "Ila mmechelewa. Mgongo wake msiukalie tena."

Kitinda mimba alikuwa amesimama kwenye kizingiti. "Baba," akauliza, "sasa zamu yangu lini?"

Madoido akakwepesha macho. Nyuma ya mtoto, kando ya mlango, lilikuwa limesalia gunia moja la ule unga, mdomo wazi, jeupe, likinukia vizuri kama siku liliponunuliwa. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.