Kiti cha Mbele cha Lori la Ambakisye

Hapo zamani, na msinikatize kuniuliza zamani ya lini, ilikuwa zamani ya malori, basi, huko Rungwe kwenye milima na mvua isiyochoka, alikuwako mtu aitwaye Ambakisye. Ambakisye alikuwa na lori la kubeba ndizi. Lori lenyewe lilikuwa na nguvu, ila stata yake, ile mota ya kuliwasha, imechoka. Ukizungusha ufunguo linasema tik, kisha kimya.

Dawa yake aliijua. Kila jioni aliliegesha kwenye mteremko, kichwa kikitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Asubuhi nyumba nzima ilitoka, jiwe likaondolewa, watu wakasukuma, lori likateremka, likaunguruma. Wakarudi kunywa chai. Miaka ikaenda hivyo, hata watoto wa pale walidhani malori yote duniani huwashwa kwa mabega.

Sasa binti yake, Tumpale, akachumbiwa Kyela. Na Kyela, mnajua wenyewe, ni tambarare. Lori likizimika kule, nani atasukuma? Wakwe. Nani kawahi kuwasukumisha wakwe lori siku ya harusi? Ambakisye alikosa usingizi kwa aibu hiyo, lakini ubahili ukamzuia kununua stata mpya mpaka asubuhi ya harusi yenyewe. Tumpale alikwishatangulia na mama yake, naye kaapa haingii kanisani bila kushikwa mkono na baba.

Ndipo Ambakisye akatangaza uani: "Atakayefanya lori hili liungurume, huyo atakaa mbele na mimi."

Si ahadi ndogo hiyo. Kiti kizima cha mbele kilikuwa kimoja tu. Cha katikati springi zimetokeza nje. Wengine wote wangekaa nyuma na mbuzi, mvuani, na nguo zao za harusi.

Akaja jirani yake, Syabumi. Huyu alikuwa na lori bovu nyuma ya nyumba, limegeuka banda la kuku. "Stata yake nzima," alisema, "ila kuku wangu anaatamia juu ya injini." Akamhamisha kuku na mayai yake, akaifungua stata, akaileta.

Akaja shemeji yake, Gwakisa, mwenye mikono mirefu. Akatoa kwanza waya wa betri, akajilaza kwenye tope chini ya lori. Bolti ya juu haionekani. Akaitafuta kwa vidole kama mtu anayetafuta kijiko chunguni. Akatoa stata mbovu, akafunga ile ya Syabumi, akarudisha waya. Alipotoka, cheupe kwake kilikuwa meno tu.

"Haya, twende," alisema Ambakisye, akapanda.

Hapa mnisikilize vizuri. Atupele, dada yake Ambakisye, alikuwa kiongozi wa wasukumaji tangu lori lifike pale. Alipoona kaka yake amepanda, alijifunga khanga kiunoni, akaondoa jiwe, akaita, "Haya, mabega!" Nyumba nzima ikaenda nyuma. Syabumi akasukuma. Gwakisa, na tope lake, akasukuma. Ambakisye akaweka gia, akaachia breki. Lori likateremka, likaunguruma, likasimama chini kabisa, uwanjani. Watu wakapiga vigelegele, wakisema stata imepona.

Kisha Atupele akauliza, "Kaka, ufunguo uliuzungusha mpaka mwisho?"

Ambakisye akautazama mkono wake. "Hapana," alisema. "Nimesahau."

Mnacheka. Wenzenu hawakucheka, maana mvua ilianza kudondoka na kiti kilikuwa kimoja.

"Kiti ni changu," alisema Syabumi. "Bila stata yangu, shemeji yako angefunga nini? Kuku wangu sasa anaatamia kitandani, na mke wangu bado hajui."

"Kiti ni changu," alisema Gwakisa. "Bila mimi stata hiyo ingekuwa bado imelala uani. Nitazame, jirani, halafu useme tena."

"Kiti ni changu," alisema Atupele. "Kaka alisema liungurume. Limeungurumishwa na mabega, na mabega niliyaita mimi. Hiyo stata yenu haijaulizwa hata swali moja."

"Si tuzime tu," alisema Gwakisa, "tuwashe kwa ufunguo, tujue?"

Ambakisye akautazama uwanja, tambarare mbele, tambarare nyuma. Akautazama mlima walikotoka. Akamkumbuka Tumpale.

"Atakayegusa ufunguo huo," alisema, "undugu wetu umekwisha."

Basi lori linaunguruma, mvua inanyesha, mlango wa mbele uko wazi na watu watatu wameushikilia. Ahadi ni ahadi, na aliyeahidi hataki kuamua. Haya, nyie mafundi wa kucheka, semeni upesi, binti wa watu amesimama mlangoni mwa kanisa anamngoja baba yake: kiti hicho alistahili nani?