Makoti Yaliyokimbia

Mpo?
Tupo!
Mmeshiba?
Tumeshiba!
Basi sikilizeni habari za watu waliokataa wakiwa na njaa.

Huko kwenye nchi ya barafu palikuwa na bonde walikozalia kulungu wa huko, wenye manyoya mazito. Watu walikula nyama ya kulungu na kuvaa ngozi zao, lakini bondeni hawakukanyaga, hata mwaka wa njaa.

Likaja zimwi, linanuka moshi. "Bonde lenu lina mafuta chini. Niacheni nichimbe, niwape taa." Wakakataa. Likarudi: "Niwape nyumba za chuma." Wakakataa. Likarudi tena, watoto wanalia njaa: "Niwape chakula maisha yenu yote."

Hapo watu wakabishana. Tulok, mkubwa wao, akachoka, akasema, "Haya, chimba."

Papo hapo koti lake la ngozi likamchomoka mwilini, likasimama kwa miguu minne, likatimka kuelekea bondeni. Kila aliyeitikia "chimba", koti lake likamkimbia. Wakabaki wanatetemeka.

Aluki, mwanamke aliyeyashona makoti hayo, hakuwa ameitikia. Lake alikuwa nalo. Akalisogelea zimwi. "Umewasikia walio uchi. Sasa nisikie mimi niliyevaa. Hapana!"

Tulok, meno yakigongana, akapaza sauti: "Hapana!" Wote wakapokea. Makoti yakarudi mbio.

"Mtakufa njaa!" zimwi likanguruma.

"Tukifa, tutakufa tumevaa," akajibu Aluki.

Zimwi likaondoka, ila halijafa. Hadithi yangu naiacha mlangoni kwenu. Likibisha hodi, mtasemaje?
Hapana!
Sijasikia!
Hapana!