Neno la Kunyanyulia Kule Mlungui

Zamani, watu wa Mlungui, kule milimani, walinyanyua mizigo kimya. Kila mtu aliinama, akashika, akainua alipoona wenzake wanainuka. Aliyefungua mdomo alihesabiwa dhaifu. Mzee mmoja, Singano, aliyekuwa na mabega mapana kama mlango, ndivyo alivyomfundisha mwanawe Hoza.

Hoza alikuwa kijana mwema, ila mzito wa kuanza. Wenzake walikwisha kufika, yeye ndiyo kwanza anatafuta kiatu.

Mwaka mmoja walikata mti porini wapate boriti ya msikiti. Wanaume walijipanga ubavuni mwa gogo, Singano mbele, Hoza nyuma kabisa. Hoza akawa anaiweka sawa ngata yake ya majani ya mgomba begani.

"Bwana harusi anafunga kilemba," mmoja akamtania, na wote wakacheka.

Kicheko kilipokwisha, wa mbele wakainua. Walidhani kila mtu yuko tayari. Hoza alikuwa bado ameinamia ngata iliyomponyoka. Gogo lilipanda upande mmoja, likabingirika upande wa pili, likamlalia kifuani. Walipoliondoa, alikwisha kwenda kwa Mola wake.

Kesho yake maiti ilioshwa, ikaswaliwa, ikalazwa kwenye jeneza. Lakini wanaume wale wale walipolizunguka, hakuna aliyethubutu kuligusa. Kila mmoja alitazama mikono ya mwenzake. Wakiinua vibaya tena, Hoza ataanguka mara ya pili, mbele ya baba yake.

Singano aliliona hilo. Alikuwa hajalala wala hajala. Alishika mpini wa mbele, akawageukia.

"Jana hakuna aliyeuliza," alisema. "Hata mimi sikuuliza. Leo nauliza. Tupo?"

Kisha wa kulia akasema, "Tupo, baba." Wa nyuma naye akajibu, na mwenzake, mpaka sauti zikaisha. Singano hakuinua. Alibaki ameinama, macho chini.

Imamu akamsogelea taratibu. "Mzee wangu, wote wamejibu."

"Najua, sheikh. Namsubiri yule aliyezoea kuchelewa."

Hakuna aliyemharakisha. Upepo ulipita kwenye migomba, ukatulia. Singano akafuta uso kwa kiganja, akasema, "Bismillahi," na jeneza likapanda pande zote pamoja, limetulia kama maji kwenye beseni. Hivyo ndivyo Hoza alivyofikishwa kaburini, bila kutikiswa.

Boriti nayo ilibebwa wiki iliyofuata, kwa kuulizana vile vile. Ingali juu ya vichwa vya wanaoswali.

Na tangu siku hiyo, Mlungui hawasemi "inua". Iwe ni mafundi na jiwe lao au vijana na gunia la viazi, mmoja huuliza, "Tupo?" Wenzake hujibu, kisha wote hunyamaza kidogo kabla ya kunyanyua. Wageni hudhani wanavuta pumzi.

Hata mwanamke aliye peke yake kisimani, asiye na wa kumsaidia kujitwika ndoo, huuliza. Husubiri kidogo, akiwa ameinama hivyo hivyo. Halafu hujijibu mwenyewe, polepole, akajitwika na kwenda zake.