Jina Ambalo Rabi Anshel Hakuliandika

Sogeeni, wenzangu, tegeni masikio, maana kisa chenyewe ni cha nchi ya theluji. Huko aliishi Rabi Anshel, mwalimu wa dini wa Wayahudi, msomi wa kupigiwa mfano. Tauni ilipoumaliza mji wake, alianza kuandika kitabu cha majina ya waliokufa, na kila aliyeandikwa alipumzika kaburini.

Akaandika miaka mitatu. Alasiri alipokifunga kitabu, mlango ukagongwa: ngo, ngo, ngo!

"Rabi, umenisahau," ilisema sauti ya mwoka mikate. Akamwandika, sauti ikanyamaza.

Ukagongwa tena. "Rabi, na mimi je?" Alikuwa mchimba makaburi. Akamwandika naye, mchimbaji akaenda zake.

Mara ya tatu mlango uligongwa chini, pale anapofikia mtoto.

"Baba, ni mimi, Fradel. Nasikia baridi."

"Ingia, mwanangu! Moto unawaka."

"Siwezi kuingia, baba, wala siwezi kwenda. Wenzangu wote wamelala. Mbona mimi hukuniandika?"

Rabi akalia. "Nilidhani nisipokuandika, utarudi."

"Nimerudi kila siku, baba, nikasimama hapa hapa."

Basi akashika kalamu, akaandika: Fradel binti Anshel. Nje kukawa kimya.

Hapo ndipo alipoketi sakafuni siku saba, kama wafiwa wa kwao wanavyoketi, na majirani waliosalia wakamletea chakula. Kisa changu kimekomea hapo. Nanyi mkilala, laleni salama.